Kadi yangu inasema Miabi, mimi nimezaliwa Katuba

SWALI

"Papa Prof, nimezaliwa Katuba mwaka 1999. Mama yangu naye amezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Siku ya kuandikishwa kwa ajili ya kadi ya uchaguzi, kijana wa mashine aliniuliza: 'Asili?' Nikajibu Lubumbashi. Akacheka, akatazama jina langu, akasema, 'Hapana, asili ya baba.' Akaandika Kasaï-Oriental, teritware ya Miabi. Miabi sijawahi kufika. Mwaka jana nilikwenda Mbuji-Mayi kwenye matanga ya shangazi yangu. Binamu zangu walicheka Tshiluba changu wakaniita Mukatanga. Nilipokwenda Kinshasa kwa ajili ya kazi nikawa Muswahili. Nikirudi kwetu Katuba, mama mwenye nyumba ananiita Mukasai. Baba mdogo naye ananiambia: mkataa kwao mtumwa. Na sasa kuna kijana wa Kasenga anayekuja nyumbani. Mimi mwenyewe niko wapi katika majina hayo yote? Mtu ana nafsi yake, ama ni wengine ndio wanampa?"

JIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale, kwenye kicheko cha yule kijana. Sidhani alikuwa na ubaya. Alikuwa na foleni ndefu, jua la utosini, na mashine yenye kisanduku ambacho kisipojazwa kingine hakifunguki. Alikuuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo tayari. Hakutazama uso wako, alitazama jina. Nawe kwa dakika moja ukagundua kwamba jambo ulilodhani unalijua kuliko mtu yeyote, yaani wewe ni nani, kuna mtu mwingine analijua kwa niaba yako.

Kabla ya wataalamu, tuisikilize lugha tunayoandikiana. Kadi ile tunaiita kitambulisho. Kile kinachokufanya uwe wewe mbele ya watu tunakiita utambulisho. Yote mawili yamezaliwa na kutambua, na kutambuliwa kunataka watu wawili: huwezi kujitambulisha porini peke yako. Kisha tuna neno nafsi, lililotoka kwenye Kiarabu, la mambo ya ndani: nafsi yangu inakataa, nafsi inanisuta. Swali lako limekaa katikati ya maneno hayo mawili. Lipo na la tatu. Chumba unachopanga ni kwangu, lakini ukiulizwa utokako husemi kwangu. Utasema kwetu, hata kama ukoo mzima umebaki wewe peke yako. Sarufi imeshakuwekea watu ndani ya jibu kabla hujafungua mdomo.

Mwaka 1902 Mmarekani mmoja, Charles Horton Cooley, aliandika kwamba mtu hujiona kwa wenzake kama ajionavyo kwenye kioo. Alisema mambo matatu hufuatana. Kwanza nawaza ninavyoonekana kwa mwenzangu. Pili nawaza anavyonihukumu. Tatu najisikia fahari au haya. Fikiria Jumapili unaingia kanisani na kitenge kipya. Kabla hujafika kwenye benchi umeshawaona akina mama wakikutazama, umeshasikia wanayoyasema mioyoni, na shingo imeshasimama au imeshainama. Lakini angalia vizuri: hakuna aliyefungua kinywa. Hukumu umeitunga mwenyewe, ukaiweka vinywani mwao, kisha ukaona haya kwa maneno yako mwenyewe. Hapo ndipo penye utamu wa Cooley, na watu wengi hupapita haraka. Jamii haianzi kwa kukushika mkono kwa nguvu. Inaanza kwa kukuazima macho yake, nawe unayavaa utotoni, unasahau kuyarudisha.

George Herbert Mead, mwalimu wa Chicago aliyefariki mwaka 1931, alieleza macho hayo yanaingiaje. Mtoto mdogo hucheza baba na mama: leo yeye ni mama, anamgombeza mtoto wa kitambaa kwa sauti ileile aliyogombezwa nayo asubuhi. Anavaa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Akikua kidogo anaingia kwenye mpira, ule wa mifuko ya plastiki na kamba mnaoupiga Katuba barabarani. Hapo mambo hubadilika, kwa sababu golikipa asiyejua mshambuliaji anawaza nini ameshafungwa. Inabidi abebe kichwani nafasi za wote kwa pamoja. Ndivyo mtoto anavyoanza kuishi na "watu" kwa jumla, wale tunaowataja tukisema watu watasema nini. Ukiwaza, watu hao hawana majina wala hawana nyumba. Lakini ndio wanaokufanya uone haya usiku, chumbani, taa ikiwa imezimwa.

Wanafunzi wangu wakifika hapa hupenda kufunga daftari: basi, mtu ni kioo tu, somo limekwisha. Nawaambia wangoje kidogo, maana Mead aliona pia upande unaojibu. Alitenganisha mimi aliyetengenezwa na wengine na mimi anayewajibu. Kwa Kiingereza alilazimika kutumia maneno mawili. Sisi tunavyo vyote viwili ndani ya kitenzi, kwa sauti ileile. Katika "ananiita Mukasai", ile -ni- ya katikati ndiyo iliyotengenezwa: inaitwa, haifanyi kitu. Katika "nikajibu Lubumbashi", ni- ya mwanzo imesimama na kusema. Barua yako imejaa -ni- za katikati, nimezihesabu. Lakini siku ile mbele ya mashine, kabla ya kicheko, kulikuwa na "nikajibu" moja. Nitairudia.

Cooley ninamlaumu kwa jambo moja. Hakuuliza ni nani ameshika kioo. Binamu zako wa Mbuji-Mayi wanakucheka, mnakula, jioni mnalala kitanda kimoja. Kicheko cha yule kijana kinaingia kwenye mashine na kutoka na muhuri. Katika nchi hii ambayo kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha watu kwa miaka mingi, maneno yale mawili utayaonyesha benki, barabarani, na utakapotafuta kazi. Vioo havilingani, na katika mji wetu kuna kimoja kilichotangulia kuwa kikubwa.

Mji wetu ni mtoto wa kampuni. Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa 1910, mwaka uliofuata tanuru likaanza kuyeyusha shaba. Ardhi ilikuwa ya Walamba, lakini Walamba hawakuwa wengi wa kutosha, wala hawakuwa na haraka ya kuingia shimoni. Kampuni ikatafuta watu mbali: Kasai, Maniema, Rodezia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili njia. Badala ya wanaume wa kuja na kurudi, ikataka mfanyakazi abaki, aoe, azae. Ikajenga kambi, ikatoa posho kwa kuhesabu vichwa vya nyumbani, ikafungua shule na hospitali, hata mahali pa kuwafundisha wake za wafanyakazi kushona na kutunza watoto. Ndipo wazee wakasema: kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Haukuwa mzaha. Baba wa kukulisha na mama wa kukuvisha walikuwa kweli wamehamia ofisini.

Na ofisini kulikuwa na faili. Kila mtu alikuwa na namba yake ya matrikuli, kijiji chake, chefu wake, na kabila lake. Mjomba wangu mmoja alisahau tarehe za kuzaliwa za watoto wake wote saba, lakini matrikuli yake aliitaja mpaka kitandani alikofia, kwa sauti ya mtu anayeitikia jina. Jina alipewa na babu, namba alipewa na kampuni, na sijui kwa hakika alikuwa anaitikia lipi zaidi.

Kabila lililoandikwa kwenye faili halikukaa kimya. Wazungu walikuwa na imani zao: kabila hili ni la shimoni, lile ni la jikoni, lile lingine la kalamu. Waluba wa Kasai walipewa sifa ya kuwa wepesi wa shule na ofisi. Sifa ikageuka nafasi, nafasi ikaleta wivu, na vizazi viwili baadaye mtu anakuambia Bakasai ndivyo walivyo, kana kwamba ni damu. Mtoto aliyetarajiwa asome alisoma. Aliyetarajiwa abebe alibeba. Kisha tukatazama matokeo tukasema: mnaona?

Nikupeleke kidogo ng'ambo ya mpaka. Luanshya iko Zambia, na migodi ya kule ni ndugu wa migodi yetu. Mwaka 1951 mtafiti aitwaye J. Clyde Mitchell alikuwa akitazama ngoma ya Jumapili inayoitwa kalela. Wachezaji wake walikuwa vijana wa Kibisa, wafanyakazi wa mji. Ungetegemea ngozi na manyoya ya mababu. La hasha. Walivaa suruali zilizopigwa pasi, mashati safi, viatu vinavyong'aa. Mmoja alikuwa "daktari" mwenye joho jeupe. Na alikuwepo mwanamke mmoja, "nesi", aliyezunguka kati yao na kitambaa na kioo, ili kila mchezaji ajitazame kama bado yuko nadhifu. Sikukitunga kioo hicho, kilikuwepo kweli. Nyimbo zao waliziimba kwa Kibemba, lugha ya mji ule, na ndani yake walisifu kwao na kuyatania makabila mengine.

Mitchell, katika maandishi yake ya mwaka 1956, alifikia neno ambalo ningependa ulishike. Kabila la mjini si lile la kijijini lililosafiri na treni. Kule kijijini ni maisha yenyewe: ardhi, chifu, ndoa, makaburi. Mjini limekuwa njia ya kupanga wageni: huyu nimtanie, huyu nimwogope, huyu nimwombe chumvi. Kwa hiyo Mukasai, kama neno linavyotumika Katuba, ni kitu cha Lubumbashi. Kimezaliwa huku kama wewe. Ukifika Miabi hutamkuta Mukasai hata mmoja, maana wote wametoka huko. Watakuuliza ukoo wa nani na nyumba ya nani. Ndiyo maana binamu zako hawakukuita Mukasai: kwao jina hilo halina kazi. Walihitaji neno la kukutenga na wao, wakakuta Mukatanga.

Hata chini ya hapo hakuna mwamba. Waluba wa Kasai na Walulua wanazungumza lugha moja, na kabla ya mwisho wa karne ya 19 usingepata mstari ulionyooka kati yao. Uhamaji, vituo vya wakoloni, misheni, shule na reli ndivyo vilivyowagawa polepole, hawa wakahesabiwa watu wa maendeleo, wale watu wa nyuma. Mwaka 1959 wakachinjana kule Luluabourg, Kananga ya leo, na Waluba kwa maelfu wakakimbilia upande wa Bakwanga, ambao sasa ni Mbuji-Mayi. Baba yako akisema "sisi Waluba tangu zamani", anasema kweli kuhusu bibi zake na lugha yao. Kuhusu mstari wenyewe, zamani hiyo si ndefu kama anavyodhani.

Hapa kwetu mstari ulikazwa na kura. Mwishoni mwa 1957 wakazi wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua viongozi wa komine, na nafasi kubwa zikaenda kwa watu waliohesabiwa kuwa si wa asili ya Katanga. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha CONAKAT, kikidai Katanga ya wenyewe. Julai 1960 Katanga ikajitenga. Mwaka 1961 Waluba kwa makumi ya maelfu, wa Kasai na wa kaskazini mwa Katanga, walikuwa wanalala kwenye kambi ya wakimbizi ndani ya mji waliokuwa na nyumba zao, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Mtu aliyekuwa jirani, karani, shabiki wa mpira, mwimbaji wa kwaya, alibakiwa na kitu kimoja tu.

Likarudi mwaka 1992 na 1993. Hilo sitalieleza kwa urefu. Waliopitia wako hai, na wengine watasoma hapa. Wanasiasa waliwaita watu bilulu, wadudu. Likasi na Kolwezi ndiko kulikokuwa na moto mkubwa: familia zililala stesheni kwa wiki na miezi zikingoja treni ya kwenda Kasai. Ndani ya treni hizo mlikuwa na watoto wasiojua neno la Tshiluba, waliokuwa wakilia kwa Kiswahili. Wewe hukuwa umezaliwa, lakini ulilelewa na watu waliokumbuka. Muulize mama yako, taratibu, siku akiwa anachambua sombe na hana haraka. Huenda hofu unayoiona kwa baba mdogo, na hata namna mama anavyoshusha sauti akitaja jina la ukoo hadharani, ina tarehe. Mengi tunayoyaita tabia ya mtu ni kumbukumbu ya jirani zake.

Utauliza, inawezekanaje watu kugawanyika upesi hivyo? Henri Tajfel, mtaalamu wa saikolojia, alikuwa na sababu ya kuuliza: alikuwa Myahudi wa Poland, alitekwa vitani akiwa askari wa Ufaransa, na aliporudi karibu familia yake yote ilikuwa imeuawa. Baadaye, akiwa Bristol, Uingereza, aliwachukua vijana wa shule wa miaka 14 na 15, akawaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, akawaambia wewe ni kundi la Klee, wewe la Kandinsky. Kumbe aliwagawa kwa bahati nasibu. Hawakuonana, hawakujua nani yuko kundi gani, hawakuwa na ugomvi wowote. Kisha kila mmoja akagawa pointi zenye thamani ya pesa kwa wengine. Waliwapendelea wa kundi lao. Na mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo zaidi, mradi liwazidi wale wengine. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1970 na 1971. Ikiwa jina la mchoraji wasiyemjua linatosha, basi hebu waza jina lenye faili, kura na posho nyuma yake.

Sasa turudi kwenye ile "nikajibu".

Tazama kadi yako vizuri: jina, postnomu (jina la nyongeza la kiasili), prenomu (jina la ubatizo). Visanduku hivyo vitatu ni historia ya watu kujibu na kujibiwa. Mobutu alipoleta siasa ya uhalisi, mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yakapigwa marufuku kwenye karatasi za serikali. Jina la ubatizo likatoka, postnomu ikaingia. Huku kwetu Katanga ikaitwa Shaba. Je, watu waliacha kuitana Marie na Joseph? Nyumbani na kanisani waliendelea, na utawala ulipolegea miaka ya 1990 prenomu ikarudi, lakini postnomu haikuondoka. Ndiyo maana Mkongomani wa leo anabeba matatu. Serikali ilitaka kubadilisha nafsi za watu kwa amri. Watu walichukua walichokitaka, wakabakiza walichokuwa nacho, na mwishowe karatasi ndiyo iliyowafuata. Ilichukua miaka 20 na zaidi, na hakuna aliyekaa kikao.

Tena, hiyo Katanga waliyokuitia binamu zako, kwenye ramani za utawala haipo tangu 2015. Iligawanywa: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Wewe ni mtu wa mkoa uliofutwa kwa upande mmoja, na wa teritware usiyoijua kwa upande wa pili. Samahani, najua si jambo la kuchekesha, lakini nilicheka kidogo.

Kiswahili chenyewe ni jibu la namna hiyo. Kuzunguka mji huu hakuna kijiji hata kimoja ambacho Kiswahili kilikuwa lugha ya mababu. Kililetwa na biashara, misheni na kampuni, watu wa makabila yote wakakishika kwa sababu hakikuwa cha yeyote kati yao, na watoto wao wakazaliwa nacho. Ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi kama hii, wenzetu walishika Kibemba. Mtu wa Dar es Salaam akikisikia chetu anashika kichwa. Mimi mwenyewe nimefundishwa shuleni kukiandika kama hivi, na nikifika nyumbani nasema njo vile, minakuya, leta bukari. Hakuna aliye wa bandia kati ya hao wawili. Kinshasa walipokuita Muswahili walidhani wametaja kabila, kumbe walitaja mji unaojifanya kabila. Kati ya majina yote uliyoyaorodhesha, hilo la kutoka kwa wageni ndilo lililokukaribia zaidi, na sioni kwa nini ulichukie.

Kuhusu baba mdogo. Ile methali ya mkataa kwao mtumwa ilikomaa mahali ambapo mtumwa hakuwa tusi, alikuwa mtu uliyeweza kumwona sokoni. Alikuwa mtumwa kwa sababu hakuna aliyekuja kusema huyu ni wetu. Kwao, katika methali hiyo, ni watu watakaokuja kukudai. Haijasema kwao lazima pawe mahali pamoja tu, wala haijasema lazima pawe kwa baba. Nadhani baba mdogo hakuogopi wewe, anaogopa matanga yake mwenyewe: nani atakuja, nani ataimba kwa Tshiluba, nani atajua ataje nani. Hofu hiyo ijibu. Mpigie simu. Uliza majina ya babu zako mpaka wa nne, yaandike. Kama ni mapacha walizaliwa katika ukoo wenu, kuna Mbuyi na Kabanga, na jina hilo walilipata kwa kutangulia au kufuata tumboni, kabla mtu hajawajua tabia. Jifunze lugha kama una bibi wa kuzungumza naye. Ukijifunza ili ufaulu mtihani wa binamu, utaacha baada ya wiki mbili, na utakuwa umeongeza haya nyingine juu ya ile ya kwanza.

Jambo moja nisingependa uchukue ni ile hadithi inayouzwa kwenye mikutano, kwamba Mzungu ni "mimi" na Mwafrika ni "sisi", mtu ni watu, basi tulia. Mtu ni watu, naam, lakini watu gani? Wakati wa matrikuli ilikuwa ni watu wa kampuni. Mwaka 1992 "sisi" ilikuwa na orodha. Uwanjani Kamalondo, TP Mazembe ikicheza, "sisi" inafunika majina yote mpaka kipenga cha mwisho, halafu inavunjika mlangoni, wengine wakirudi komine ya Kenya, wengine Ruashi. Desemba 2010 timu ya hapa ilipocheza fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter Milan, sikumsikia mtu akiuliza asili ya mchezaji. Tulifungwa tatu bila, na kesho yake tukaanza kuulizana tena.

Kwa hiyo nafsi yako iko wapi? Sidhani imefichwa chini ya majina hayo kama almasi ya Mbuji-Mayi chini ya mchanga, ukichimba utaipata safi. Ukiyaondoa majina yote, mitazamo yote, lugha zote ulizopewa, hutabakiwa na wewe halisi. Hutabakiwa na mtu wa kuniandikia barua. Lakini hakuna kioo kimoja kilichokumaliza, kwa sababu ni vingi na vinapingana, na anayelazimika kuishi katikati yavyo anajifunza jambo ambalo mwenye kioo kimoja halijui: kwamba ni vioo. Binamu yako wa Mbuji-Mayi hajawahi kuulizwa asili akashindwa. Wewe umeulizwa ukashindwa, na ndiyo maana ni wewe uliyeandika.

Na kwenye kisanduku kile, ukiulizwa tena, mwache kijana aandike Miabi. Swali lake ni la ukoo wa baba, na baba yako ndiko alikotoka. Usimpe kazi ya kukuambia zaidi ya hapo. Ila nikuachie fumbo moja, maana umeandika kwamba kuna kijana wa Kasenga anayekuja nyumbani. Mkioana, watoto wenu wataandikwa Kasenga, na Miabi iliyokusumbua hivi itafutika kwenye karatasi kwa kalamu moja, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Lakini ngoja: watu wengi wa upande ule wa Luapula, kwa desturi yao, huhesabu mtoto kwa mama. Kwao, watoto hao watakuwa wenu. Na kwenu Waluba mtoto ni wa baba, kwa hiyo mtasema ni wao. Kila upande utamnyooshea mkono mwingine, na mtoto atakuwa amesimama katikati, Katuba, akipiga mpira wa mifuko ya plastiki. Siku atakapokuja kukuuliza kwetu ni wapi, niandikie unieleze ulimjibu nini.